Afya ya Vijana ni Amana: Somo Litokalo Takaba

Kila aliyekaa katika darasa za dini aweza kuyahesabu kwa vidole mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Twayahesabu vizuri, kisha twafunga kitabu tukaenda zetu. Lakini ni mara chache tujiulizapo ya kwamba katika umri upi mambo hayo matano hukutana yote katika mwili mmoja, na yote yakawa katika khatari kwa pamoja. Umri huo ni ule wa baina ya miaka 10 na 19. Ndipo kalamu ya taklifu ianzapo kuandika, ndipo akili ikomaapo, ndipo mwili ujitayarishapo kwa uzazi, na ndipo mtu ashikapo kazi yake ya kwanza. Akidhurika hapo, madhara hayo atatembea nayo mpaka kaburini.

Somo letu la mara hii, basi, ni juu ya tiba na kijana: ni lipi limpatalo kijana pale tabibu anapokuwa mbali naye? Tumeuchagua mji wa Takaba kuwa mfano wetu, kwa kuwa huko jambo hili laonekana wazi bila ya pazia, na kwa kuwa watu wake ni ndugu zetu ambao wengi wetu huku pwani hatuwajui ila kwa kusikia jina la mahali pao katika khabari mbaya.

Mji wenyewe

Takaba ni mji mkuu wa Mandera Magharibi, katika kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya. Wakaazi wake wengi ni wa kabila la Garre, Waislamu, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mji una hospitali ya kaunti ndogo, na vijijini ziko zahanati. Ama mji wa Mandera, ambao ndio makao makuu ya kaunti, uko kwenye pembe ile zikutanapo Kenya, Ethiopia na Somalia, kama kilomita 200 kutoka Takaba. Msomaji wa Mombasa na ajipimie mwenyewe: hiyo ni safari inayoipita kwa mbali ile ya Mombasa hadi Malindi, tena si juu ya lami, bali juu ya mchanga na mawe, na mvua inyeshapo njia hukatika kabisa.

Katika sensa ya 2019 kaunti nzima ilihesabiwa kuwa na watu 867,457, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana. Kwa hivyo tunaposema "vijana wa Takaba", hatusemi juu ya tawi la mti, twasema juu ya shina lenyewe.

Kijana aliyesahauliwa

Tazama jinsi zahanati zetu zilivyopangwa, huko bara na huku pwani. Mtoto aliye chini ya miaka 5 ana siku yake ya kupimwa uzani na kuchanjwa. Mwanamke mjamzito ana siku yake. Lakini mvulana wa miaka 13 achungaye ngamia, na msichana wa miaka 14 atekaye maji, hao hawana siku. Wamekwisha kuvuka mlango wa watoto, na hawajaufikia mlango wa watu wazima. Watu huwadhania kuwa ni wazima kwa sababu tu ya kuwa wanakwenda kwa miguu yao.

Kijana wa namna hii, anapougua, hutengwa na tabibu kwa masafa ya aina tatu, nayo ni masafa ya ardhi, masafa ya mali na karatasi, na masafa ya haya. Tutayaeleza moja baada ya moja.

Kwanza: masafa ya ardhi

Uko ugonjwa uitwao kalazari. Huletwa na mdudu mdogo sana aitwaye nzi wa mchanga, ambaye hupenda kukaa katika nyufa za ardhi na katika vichuguu vya mchwa. Wachungaji, ambao wengi wao ni wavulana, hulala na kupumzika nje karibu na vichuguu hivyo, na huko ndiko waumwako. Homa huja ikaenda, ikaja ikaenda, kwa majuma na miezi; mwili hukonda, damu hupungua, na wengu huvimba mpaka tumbo likaonekana kwa nje. Mwaka 2000 na 2001 maradhi haya yalizuka katika Wajir na Mandera, na tangu hapo hayakukatika katika nchi hizo kavu za kaskazini.

Sasa zingatia, ewe msomaji, mambo mawili. La kwanza ni kwamba kalazari isipotibiwa huua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. La pili ni kwamba dawa yake ipo. Tiba ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa Afrika Mashariki mwaka 2010 ni ya sindano za kila siku kwa muda wa siku 17. Baina ya kufa na kupona, basi, hapana ila siku 17 na mtu ajuaye kupiga sindano. Lakini siku 17 kwa mchungaji aliye mbali na hospitali maana yake ni nini? Maana yake ni kuacha mifugo, kupata gari, na kupata mahali pa kulala na chakula cha yule amuuguzaye. Watu hungojea. Wengine humtia mgonjwa chuma cha moto tumboni, kwa desturi ya kale ya wafugaji, ilhali kuchoma kwa moto ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) mwenyewe hakulipenda. Afikapo hospitali, tayari amekuwa mifupa mitupu, na hapo husemwa kuwa "hospitali haikumfaa".

Na mtu wa pwani asidhani kuwa maradhi ya mbali hubaki mbali. Mwezi wa Mei 2016 homa ya chikungunya, ambayo jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde, iliwaangusha watu wengi katika mji wa Mandera. Haikupita miaka miwili, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, homa hiyo hiyo ilikuwa ndani ya Mombasa, na wengi wetu twakumbuka jinsi viungo vilivyouma.

Pili: masafa ya mali na karatasi

Hospitali yaweza kuwa karibu, na mlango wake ukawa umefungwa kwa kufuli lisiloonekana. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya serikali ya Kenya iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mtoto huandikishwa chini ya mzazi wake, na aliyetimia miaka 18 hujiandikisha mwenyewe kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kitambulisho hicho ndicho kilichokuwa kikiwatesa vijana wa kaskazini mashariki. Kwa zaidi ya miaka 60 kijana wa huko hakupewa kitambulisho mpaka apitishwe mbele ya kamati ya kumchunguza, jambo ambalo mwenziwe wa Nairobi hakulijua. Amri ya kuuondoa uchunguzi huo ilitolewa na Rais William Ruto alipokuwa Wajir, mwezi wa Februari 2025. Ni kheri, na mwenye kufanya kheri hushukuriwa. Lakini kamati ikiondoka siku moja, khofu ya miaka 60 haiondoki siku moja. Na wako vijana waliokuwa wamekwisha kukata tamaa hata ya kuomba. Hao nao wataka waendewe, waelezwe, na washikwe mkono mpaka dirishani.

Tatu: masafa ya haya

Haya haipimwi kwa kilomita, nayo ndiyo ngumu zaidi. Msichana wa Takaba aliyevunja ungo hakufunzwa ni ipi damu ya kawaida na ni ipi ya ugonjwa. Akienda kwa muuguzi, huenda muuguzi akawa ni mwanamume, mgeni wa nchi, asiyejua Kisomali wala Kiborana. Hapo hutafutwa mkalimani, na mkalimani huwa ni jirani au jamaa yake. Ni msichana gani atakayesema siri ya mwili wake kupitia kinywa cha jirani? Hunyamaza, na ugonjwa hauna haya ya kungojea.

Hapa hatuna budi kulitaja jambo ambalo wengi hupenda lipitwe kimya. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2014, wanawake 97 na ushei katika kila 100 wa kaskazini mashariki walikuwa wamekatwa, na wengi wao kwa ule mtindo wa kushonwa ambao watu wenyewe wauita wa kifirauni. Jina lake latosha kuwa hoja: la Firauni si la Mtume. Mkutano wa wanazuoni uliofanywa Cairo chini ya Al-Azhar mwezi wa Novemba 2006 ulieleza ya kwamba desturi hii haina msingi katika dini na yamdhuru mwanamke. Sheria ya Kenya ya 2011 imeiharimisha, na imemharimisha hata tabibu asiifanye. Madhara yake ni damu nyingi, pepopunda, kuzuilika mkojo na hedhi, na uchungu wa uzazi usiofunguka. Msichana akatwaye mbali na hospitali hudhurika mara mbili: mara ya kwanza kwa wembe, na mara ya pili kwa kukosa wa kumtibu.

Na aolewapo mapema huwa balaa juu ya balaa. Shirika la Afya Duniani laeleza ya kwamba matatizo ya mimba na ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Nyonga za msichana hazijatanuka. Mtoto hukwama siku mbili, siku tatu. Akinusurika na mauti, huenda akapata nasuri, yaani tundu baina ya njia ya mkojo na njia ya uzazi, akawa mkojo wamtoka bila ya kujizuia. Mumewe humwacha, wenziwe humkimbia kwa harufu, na yeye hujiona hana tena haki ya kusimama katika sala, hali sharia imempa mwenye udhuru wasaa wake. Nayo ni jeraha lililokuwa likizuilika kwa upasuaji wa saa moja wakati wa kuzaa, na mara nyingi hata baadaye laweza kushonwa likapona.

Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yalisema ya kwamba katika Mandera walikufa wazazi 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wako walioitilia shaka hesabu hiyo, na hesabu za baadaye ni za chini sana kuliko hiyo. Lakini hata hao hawakusema kuwa hali ilikuwa njema. Katika uchunguzi wa 2022, nchini kote wazazi 89 katika 100 walizalishwa na mtaalamu. Mandera ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwisho kabisa, na pamoja nayo Tana River, ambayo ni jirani yetu na sehemu ya pwani yetu hii hii. Basi tusiunyoshee kidole umbali.

Yametoka wapi haya?

Haikuwa hivi kwa bahati mbaya. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya nchi ya kaskazini kuwa wilaya iliyofungwa, asiyeingia mtu wala kutoka ila kwa ruhusa, na sheria ya 1934 ikaukaza mkono wa watawala juu ya wenyeji. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, tangu 1963 hadi 1967. Na mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake mashuhuri wa uchumi, Waraka Nambari 10, uliosema ya kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule ambako nchi ina rutuba na faida itapatikana upesi. Nchi kavu ikaachwa ikauke. Katiba ya 2010 ilikuja kuyarekebisha haya: kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya afya, na kimekataza mtu kunyimwa tiba ya dharura, kifungu cha 204 kimeweka mfuko maalumu kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme wa sehemu zilizoachwa nyuma. Mwaka 2013 kazi ya hospitali ikatiwa mikononi mwa kaunti.

Lakini mara kheri ilipoanza kumea, khofu iliikanyaga. Tarehe 22 Novemba 2014 watu wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawaua abiria 28. Siku 10 baadaye wakaua wachimba mawe 36. Waalimu na wauguzi wengi waliotoka bara waliondoka. Mwezi wa Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walitekwa nyara mjini Mandera. Waliofanya hayo walidai kuwa wautetea Uislamu. Na sisi twauliza: ni Uislamu gani huu umfukuzao tabibu akamwacha kijana Mwislamu afe kwa ugonjwa wenye dawa? Aliyeujua Uislamu ni Salah Farah, mwalimu wa Mandera, ambaye mwezi wa Desemba 2015, karibu na El Wak, yeye na abiria wenziwe Waislamu walikataa kutengana na abiria Wakristo wapate kuuawa. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mungu amrehemu.

Majibu kwa wenye kusema

Huenda mtu akasema: "Maradhi na mauti ni qadari, hospitali haizidishi ajali." Twamjibu: kweli, na dawa pia ni qadari. Mtume wetu alijitibu na akaamrisha watu wajitibu. Anayemfungia ngamia wake kamba asipotee, kisha akamwacha mwanawe bila ya tiba kwa kutawakali, huyo hakutawakali, bali amempenda ngamia zaidi.

Mwengine atasema: "Haya ni ya serikali." Ni ya serikali, na haki hudaiwa. Lakini utabibu ni fardhi ya kifaya. Wasiposimama wa kutosha kuutekeleza, dhambi huwapata wote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika katika *Ihya* ya kwamba iko miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, na huku watu wanasongamana kusoma khitilafu za fiqhi ambazo wazijuao wametosha. Yapata miaka 900 sasa, na lawama ile yatufaa sisi kama kwamba imeandikwa jana.

Na mwengine atasema: "Binti Mwislamu hafai kufanya kazi hospitali." Huyu amsome Rufaida al-Aslamiyya, sahaba aliyekuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume, Madina, akiwatibu majeruhi. Asiyetaka binti yake atazamwe na mwanamume mgeni, kisha akakataa binti wa mwenziwe asome uuguzi, huyo ameufunga mlango na kuutupa ufunguo.

Yatupasayo

La kwanza, tusomeshe wenyeji. Muuguzi mgeni huja kwa mkataba na huondoka kwa khofu. Binti wa Takaba aliyesoma hana pa kukimbilia, nako kwao ni kwao. Yeye hahitaji mkalimani. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya kina tawi Garissa; binti mmoja akisomeshwa huko kwa karo ya kutolewa, huenda akawa amewafungulia wasichana elfu mlango wa haya.

La pili, tuihuishe wakfu. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, iliwapokea matajiri na maskini, wanaume na wanawake, na gharama zake zilitoka katika wakfu. Sisi watu wa pwani twajua kuwakifu mnazi, nyumba na duka kwa ajili ya msikiti. Ni nani kati yetu aliyewakifu duka moja kwa ajili ya karo ya muuguzi, au petroli ya gari la wagonjwa?

La tatu, mimbari isaidie. Khatibu aeleze kwamba homa isiyokatika yataka kupimwa damu, kwamba binti asiozwe kabla ya mwili wake kuweza, na kwamba chanjo si njama. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya iliianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, ilizinduliwa hapa hapa Mombasa. Lakini uvumi ulikwenda mbio kuliko muuguzi.

La nne, ni la kila mzazi, wa Takaba na wa Mombasa. Mpeleke kijana wako kwa tabibu, kisha mwachie nafasi ya kusema. Kukaa kwako mlangoni hakukuondolei uwalii, na huenda kukamuokoa.

Masuali ya darasa

Tunawaomba wanafunzi wetu wayajadili haya kabla ya kukutana tena. Katika mtaa wako, kijana wa miaka 14 aliye na siri ya ugonjwa atamwendea nani? Njia yake hukatizwa na masafa yapi katika yale matatu? Na kama fardhi ya kifaya haijatekelezwa, wewe unasimama wapi katika hesabu yake?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, na atujaalie sisi kuwa sababu ya kupona kwao. Amin.